Barua kwa mwanangu kuhusu Jumapili zangu za Nagasaki

Nagasaki, Novemba

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Nimefurahi kusikia mitihani ya majaribio imekwisha salama, na kwamba mguu wa Bibi umepata nafuu. Mimi huku ni mzima, baridi ndiyo imeanza kubisha hodi.

Siku ile kwenye simu uliniuliza kwa nini, nikishafundisha wiki nzima, natumia Jumapili yangu kumenya karoti na mabibi wa parokia bila kulipwa. Mtandao ukakatika kabla sijakujibu. Swali lako linastahili jibu refu, kwa hiyo nakuandikia.

Shuleni mimi ni mwalimu msaidizi wa Kiingereza, nafundisha pamoja na mwalimu wa darasa. Tangu 2020 Kiingereza ni somo kamili lenye alama kwa darasa la tano na la sita nchi nzima. Wa la tatu na la nne wanaimba, wanacheza na kuongea tu. Watoto hawa wana adabu na wanajua maneno mengi. Lakini mwite mmoja asimame aseme sentensi, utaona anatazama dawati. Wala si uvivu. Anaogopa kukosea wenzake wakimsikia. Na mimi mbele yake ni nani? Mtu mzima, mgeni, ninayesema lugha ile bila kukwama. Nani atathubutu?

Kanisani mambo yamepinduka. Jikoni mwa parokia mimi ndiye mtoto. Akina mama wa hapo, wengi wao wa umri wa Bibi yako, wananifundisha kukata figili kwa unene mmoja, kupanga sahani, kutenga takataka za plastiki na za kuchomwa. Kijapani changu kinachechemea, nao wananisubiri nimalize. Nikikosa neno naonyesha kwa mkono, wananipa neno hilo, tunaendelea.

Kazi hiyo ni ya bazaa ya parokia, yaani soko la vyakula na mitumba la majira haya ya vuli. Usifikirie mnada wetu wa kanisani huko nyumbani Kibosho, pale mzee anapopaza sauti baada ya misa ya mavuno, mkungu wa ndizi unanunuliwa, aliyeununua anaurudisha, unauzwa tena na tena huku watu wanacheka. Hapa bei imeandikwa na hakuna anayeipandisha wala anayeomba apunguziwe. Unanunua tiketi za chakula kwenye meza ya mlangoni, kwa sababu anayeshika pesa hashiki chakula. Kuna tambi za kukaanga, wali wa kari, supu ya miso (rojo la soya lililochachushwa) yenye nyama ya nguruwe, na ukumbi mzima wa nguo na vyombo vya mitumba. Vijana wa Vietnam wanakaanga sambusa zao nyembamba za kuzungushwa, akina mama wa Ufilipino wanachoma mishikaki. Mimi nilipewa meza ya maandazi. Wiki kadhaa kabla tulikaa kikao, nikaulizwa sukari gramu ngapi, mafuta ya joto gani, na kama kuna ngano, mayai au maziwa, ili iandikwe kwenye kibao kwa ajili ya wenye mzio. Mimi niliyezoea kupima kwa kiganja! Lakini niliupenda ule umakini. Mtoto wa mtu asidhurike kwa chakula cha kanisa.

Ukitaka kuelewa watu hawa, jua walikotoka. Mwaka 1597 Wakristo 26 walisulubiwa hapa Nagasaki, kilima cha Nishizaka. Mwaka 1614 Ukristo ulipigwa marufuku nchi nzima, baadaye mapadre wakaisha kabisa. Kwa zaidi ya miaka mia mbili walei, yaani waumini wasio mapadre, waliishika imani wenyewe majumbani: mmoja alibatiza, mwingine alitunza kalenda ya sikukuu, mwingine alipeleka habari nyumba kwa nyumba. Machi 1865 watu wa kijiji cha Urakami waliingia kanisa jipya la Oura, hapa hapa Nagasaki, na kumwambia Padre Petitjean, Mfaransa, kwamba moyo wao ni mmoja na wake. Wakauliza sanamu ya Bikira Maria iko wapi. Hata baada ya hapo walihamishwa kwa nguvu, wengi wakafia huko, hadi marufuku ilipoondolewa 1873. Walirudi, wakajenga kanisa lao kubwa, na tarehe 9 Agosti 1945 bomu la atomiki likaliangusha. Waumini wapatao 8,500 kati ya 12,000 wa Urakami walikufa.

Nadhani ndiyo maana hapa hakuna anayemsubiri padre aseme nani afagie. Kila mtu ana kazi yake, imeandikwa ukutani, na anaifanya.

Shuleni sisemi habari za kanisa. Shule ni ya serikali na sheria hairuhusu kufundisha dini fulani, nami naiheshimu. Lakini bazaa ni ya mtaa mzima na wageni wengi si Wakristo kabisa. Basi akaja binti mmoja wa darasa la sita na bibi yake. Binti huyo darasani sijawahi kuisikia sauti yake. Alisimama akanitazama nikihangaika kumweleza mteja mzee kwamba ndani ya andazi hamna maharage matamu. Nilikwama. Binti akanisaidia kwa Kijapani, kisha akanigeukia akaniuliza kwa Kiingereza yametengenezwa na nini. Sentensi nzima! Alikosea kitenzi, na wala hakujali. Tuliongea mpaka mafuta yakataka kuungua. Juma lililofuata alinyoosha mkono darasani.

Mwanangu, darasani nisingelipata hilo kwa mbinu yoyote. Alihitaji kuniona nikiwa mwanafunzi, sina aibu, na watu wakinivumilia. Hayo ndiyo malipo yangu ya Jumapili, na jikoni siachi.

Sasa nina ombi. Kikao cha tathmini ya bazaa ni Jumamosi ijayo, na akina mama wa parokia wanataka maandazi yenye harufu zaidi mwakani. Muulize Bibi anatia iliki kiasi gani kwa kilo ya unga, umpimie kwa mizani ya dukani, unitumie gramu. Akikataa kupimiwa, mwambie akina mama wa Nagasaki wanasubiri.

Mama yako