Kibao cha kuonjea bia kianzie kwenye glasi

Mhariri,

Baa zinazouza bia za viwanda vidogo, Nairobi na hata hapa Dar es Salaam, huwapa maseremala oda ya vibao vya kuonjea: ubao mfupi wenye umbo la kasia, matundu manne, na kila tundu limeshika glasi ndogo ya bia tofauti. Kazi inaonekana nyepesi, na ndiyo maana inaharibiwa. Fundi anaonyeshwa picha kwenye simu, anaokota kipande kilichobaki, anatoboa, anapiga vanishi, anakabidhi. Haupiti muda glasi zinacheza au zimenasa, na ubao umepinda. Kosa kubwa ni kuanza na ubao wakati kipimo chote kinatoka kwenye glasi.

Fundi asikubali oda kabla hajapewa glasi zenyewe, tena si moja. Achukue kama sita, maana glasi za bei nafuu hupishana kwa milimita moja au mbili ndani ya boksi lile lile. Apime kitako kilicho kipana kuliko vyote, kisha aongeze milimita 3. Kitako cha milimita 51 kinataka tundu la 54. Nafasi hiyo si uzembe. Ubao hunywa unyevu na kuutoa, na hutanuka na kusinyaa kwa upana wake huku urefu ukibaki karibu vile vile, kwa hiyo tundu lililotobolewa duara linakuja kuwa na umbo la yai. Halafu bia baridi kwenye joto la pwani huifanya glasi itoke jasho. Maji yanashuka hadi kitakoni, na glasi iliyobanwa inanata. Mteja akiivuta kwa nguvu inachomoka ghafla, bia inaishia mezani.

Mdomo nao upimwe. Glasi ya mililita 150 mara nyingi ni pana juu kuliko chini, na anayepanga matundu kwa kuangalia kitako peke yake atakuta midomo inagongana. Chukua kipenyo cha mdomo, ongeza milimita 20 za kupitisha vidole. Mdomo wa milimita 65 unakupa 85 kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya linalofuata. Glasi nne zina nafasi tatu za namna hiyo, yaani 255. Weka 60 kila mwisho, ongeza 130 za mpini, unapata urefu wa 505. Upana wa 115 unatosha. Ubao wa inchi 1 kwa 6 ukishapigwa randa hubaki na unene wa milimita 20 hadi 22, na huo ndio unaofaa. Kwa kuwa kipande ni cha nusu mita tu, mabaki ya milango na vitanda yanatosha kabisa.

Wenye baa hupenda kuomba glasi sita kwenye mpini mmoja. Wakatalie. Glasi nne zilizojaa hukaribia kilo moja na robo kabla ya kuhesabu ubao, na uzito huo unaning'inia kama sentimita 25 mbele ya mkono wa mhudumu. Kwa glasi sita tengeneza trei yenye mishikio miwili.

Kuhusu aina ya mti, mninga, mkongo na mtiki vyote vinafaa, mradi vimekauka vizuri. Mninga hukatika kwa raha na haupindi sana, lakini vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hiyo barakoa ivaliwe. Saipresi iachwe kwa sababu ya harufu: anayeonja bia anatumia pua kuliko ulimi, na ubao unaonukia chini ya glasi unaharibu kila kitu. Paini yenye rangi ya kijani iliyofifia imetiwa dawa ya kuzuia mchwa. Isikaribie meza ya chakula. Mbao za paleti, yale majukwaa ya kubebea mizigo, nazo zimekuwa mtindo. Tafuta mhuri uliochomwa ubavuni: herufi HT maana yake ubao ulitibiwa kwa joto, MB ni gesi ya sumu ya methili bromidi, na hiyo usiiguse. Hata yenye HT, kama ina madoa ya mafuta au kemikali ya mzigo uliobebwa, ni kuni tu, na hata kuni ya kupikia haifai.

Sasa matundu. Tundu lisipenye. Kina cha milimita 8 hadi 10 kinashika glasi vizuri na kuacha angalau milimita 10 chini yake. Kifaa sahihi ni biti ya Forstner, ile inayoacha sakafu tambarare, ikiwa imefungwa kwenye mashine ya kutobolea ya kusimama. Mwendo uwe wa taratibu, mizunguko 400 hadi 500 kwa dakika kwa mti mgumu, na biti iinuliwe kila baada ya muda ili itoe vumbi. Ukikimbiza, kuta za tundu zinaungua na kuwa nyeusi, na sehemu iliyoungua hainywi mafuta sawasawa. Keekee ya mkononi kwa biti pana namna hii ni kujitafutia balaa: ikilala kidogo tu, sakafu ya tundu inakuwa mteremko na glasi inasimama ikiwa imeinama.

Asiye na biti hiyo ana njia nyingine, tena nzuri. Achukue mbao mbili zenye unene wa milimita 10. Ya juu aitoboe mpaka upande wa pili kwa msumeno wa duara wa kutobolea, kisha aibandike juu ya ile nzima. Msumeno ukiingia upande mmoja mpaka kijibiti cha katikati kitokeze nyuma, ubao ugeuzwe na kumaliziwa upande wa pili, la sivyo nyuzi zitachanika. Nyuzi za mbao zote mbili zielekee upande mmoja, kwa urefu. Ukizipishanisha, ubao mmoja utasinyaa huku mwingine ukikataa, na kibao kitapinda au kufumuka. Gundi iwe ya kuhimili maji, daraja la D3. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika kwa kuoshwaoshwa.

Toboa kabla ya kuchonga umbo la nje. Ubao ukiwa bado na kingo zilizonyooka unaweza kubanwa vizuri, na tundu likienda kombo hujapoteza kazi ya mpini. Shingo ya mpini isipungue milimita 35, na kona zake ziwe mviringo. Kona kali ndiyo mahali ubao unapopasukia ukidondoka. Tundu la kutundikia lisizidi milimita 10, na likae angalau 20 kutoka mwisho wa mpini.

Kama baa inataka kuandika majina ya bia kwa chaki, sogeza mstari wa matundu nyuma kidogo, katikati yake iwe milimita 50 kutoka ukingo wa nyuma. Mbele itabaki nafasi ya kupaka mkanda wa rangi ya ubao wa shule wenye upana wa 25. Hapo mpini nao lazima ufuate mstari wa matundu, usifuate katikati ya ubao, maana kibao kitajipindua mkononi. Binafsi naona namba 1 hadi 4 zilizochomwa kwa waya wa moto ni safi zaidi; vumbi la chaki halina kazi karibu na kinywaji.

Msasa uanze namba 80, uje 120, kisha 180. Baada ya hapo futa ubao wote kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke, upige 240. Maji hayo husimamisha vinyweleo vya mti, navyo vikikatwa sasa havitasimama tena siku ya kwanza ya kuoshwa.

Vanishi ndiyo ninayoipinga zaidi. Inang'aa dukani, lakini glasi zinaikwangua kwenye kingo za matundu, maji yanapenya chini yake, na ubao unaweka weusi usiotoka. Tumia mafuta ya parafini ya duka la dawa, yale yasiyo na rangi wala harufu wanayopewa watu wasiopata choo, na si mafuta ya taa. Changanya na nta ya nyuki: gramu 50 za nta kwa gramu 200 za mafuta. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo weka chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto, usikiweke juu ya moto wenyewe. Paka ikiwa vuguvugu, acha usiku kucha, futa iliyobaki, rudia. Mafuta ya alizeti yanachacha na kunuka. Anayetumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa atandaze vitambaa vyake nje vikauke, kwani vikikunjwa na kurundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwasha karakana.

Kibao kilichokamilika kiwekwe juu ya kioo. Kikitikisika, kipige randa upande wa chini kabla hakijaondoka.

Baa nayo iambiwe, ikiwezekana kwa maandishi kwenye risiti: kisiloweshwe, kisiingizwe kwenye mashine ya kuoshea vyombo, kisuguliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni hasa ndani ya matundu, ambako bia iliyomwagika inachacha na kuita nzi. Wapo wanaotoboa kitundu cha milimita 6 chini ya kila shimo ili maji yatoke. Yanatoka kweli, na yanadondokea mapajani mwa mteja. Baada ya kuoshwa kisimamishwe kwa ubavu, hewa ipite pande zote mbili. Kikilazwa, upande wa juu unakauka kwanza na kibao kinakunjamana kama sahani. Mafuta yarudiwe kila mwezi, au mara tu matone ya maji yanapoanza kuzama kwenye ubao badala ya kusimama juu yake.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam