Mwandishi wa kwanza? Muulizeni marehemu babu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nimjibu mwandishi wa makala ya Jumanne iliyopita, aliyewashauri wahadhiri vijana wakomae hadi majina yao yatangulie kwenye kila andiko la utafiti. Kwa watu wa maabara, ambao jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya kazi zaidi, huenda ushauri huo una maana. Kwa sisi wa hisabati ni sawa na kumwambia mtu akomae hadi jina la babu yake lianze na A.

Jina langu mimi linaanza na A. Shule ya msingi nilikuwa wa kwanza kwenye daftari la mahudhurio, wa kwanza kuulizwa saba mara nane, na kwa hiyo wa kwanza kuchapwa. Lakini majarida ya nje yanachukua jina la mwisho, yaani la babu, na la babu linaanza na Z. Mzee yule aliuza nazi Pangani maisha yake yote, jarida la utafiti hakuwahi kulishika, na bado ndiye anayeamua nikae wapi kwenye kila ninachoandika.

Katika hisabati majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti, basi. Chama cha Hisabati cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2004 kueleza kwamba ndiyo desturi katika sehemu kubwa ya fani, na kwamba kazi ya pamoja mara nyingi haigawanyiki ukasema hiki cha huyu, kile cha yule. Wanahisabati Hardy na Littlewood wa Uingereza, walioandika pamoja karibu makala mia, walikuwa na masharti manne ya ushirikiano wao. La nne ndilo linalonifurahisha: makala ikitoka kwa majina ya wote wawili, haijalishi hata kama mmoja hakuchangia chochote. Hebu lipeleke sharti hilo kwenye kamati ya kupandisha vyeo uone.

Mimi nilipeleka faili langu mwaka jana, chuo sikitaji. Likarudi na kijikaratasi: "Mwombaji si mwandishi wa kwanza katika makala yoyote." Kweli kabisa. Wala sitakuwa, labda nimpate mwenza ambaye babu yake ni Zuzu.

Makala iliyokuwa kwenye faili inahusu tabaka za fraktali, yaani zenye umbo linalojirudia ndani yake kwa udogo zaidi na zaidi. Naomba uvumilivu wa aya mbili, maana hoja yangu imo humo humo.

Chukua ukuta wa tabaka mbili za unene sawa, moja inapitisha joto kwa kipimo cha 1, nyingine 9. Joto likisafiri sambamba na tabaka, ukuta mzima unafanya kazi kama kitu kimoja chenye kipimo cha 5, wastani wa kawaida. Likikatiza kutoka upande hadi upande, jibu si 5. Unageuza kila namba juu chini, unatafuta wastani, unageuza tena: 1.8. Tabaka hafifu ndiyo inayotawala. Kazi hiyo ya kubadilisha kitu chenye mchanganyiko kwa kitu kimoja kisicho na mchanganyiko, kinachofanana nacho kwa tabia, tunaiita homojenaizesheni. Sasa pindisha tabaka ifuate mstari wa Koch, uliobuniwa na Msweden Helge von Koch mwaka 1904: gawa mstari mara tatu, kipande cha kati kiinue kama paa la kibanda, halafu kila kipande kipya kifanyie vivyo hivyo, bila kukoma. Kila hatua urefu unaongezeka kwa theluthi; baada ya hatua 10 umezidi mara 17 ya mwanzo. Waitaliano Umberto Mosco na Maria Agostina Vivaldi wameandika mengi kuhusu tabaka nyembamba za namna hiyo: unene unapungua kuelekea sifuri huku uwezo wa kupitisha ukipandishwa kwa kiwango maalumu, na mwishoni tabaka yenyewe haipo tena lakini kazi yake imebaki ndani ya milinganyo. (M kabla ya V, mmeona. Nani alifanya zaidi? Hamwezi kujua kwa kutazama jalada.)

Basi mimi na mwenzangu wa Nairobi tulikwama wiki tatu kwenye pembe moja ya huo mstari. Yeye alileta kanuni ya kukadiria nishati. Mimi nikaonyesha kwamba kwenye ncha ya paa haifanyi kazi. Akaitetea. Nikiwa kwenye daladala ya Msamvu, ndoo ya mtu ya dagaa imenikandamiza goti, nikaona kumbe tulikuwa tunagawa kwa unene mara mbili. Nikamtumia ujumbe. Akajibu kwamba hilo alikuwa amelisema tangu siku ya kwanza, ila kwa maneno mengine, nami nilipopekua ujumbe wa zamani nikakuta ni kweli. Je, wazo ni la nani?

Kamati ikanitumia fomu: nijaze mchango wa kila mwandishi kwa asilimia, jumla iwe 100. Turudi kwenye ukuta wetu. Ukuta wa 1 na 9 unatoa 1.8. Lakini ukuta wa 1.5 na 2.25 nao unatoa 1.8, piga hesabu mwenyewe. Aliyepewa 1.8 peke yake hawezi kurudi nyuma akajua ndani mna nini. Kamati inanitaka nirudi huko nyuma, niandike na sahihi.

Jambo hili si la Morogoro tu. Mwaka 2006 wachumi Liran Einav na Leeat Yariv walichunguza idara kubwa za uchumi za Marekani, ambako nako hupanga majina kwa alfabeti. Waligundua kwamba wenye herufi za mwanzo wana nafasi kubwa zaidi ya kupata ajira ya kudumu kwenye idara za juu. Kwa wanasaikolojia, ambao hawapangi kwa alfabeti, tofauti hiyo haikuonekana. Naye Yariv, jamani, kaandikwa wa pili.

Nilijaza 50 na 50. Katibu wa kamati akanipigia: "Dokta, mfumo unakataa, lazima mmoja azidi." Nikampa mwenzangu 51, nikabaki na 49, kwa adabu tu. Juzi kanipigia anacheka. Chuo chao nacho kina fomu, na mfumo wao nao unakataa sare, kwa hiyo yeye alinipa mimi 51 akajiachia 49. Ukichukua alichodai kila mtu kwenye faili lake, makala yetu ina asilimia 98. Mbili hazina mwenyewe, na kama mwandishi wa makala ya Jumanne anazihitaji ili atangulie mahali, nitamwandikia barua ya kumkabidhi.

Mhadhiri wa hisabati,
Morogoro
(Jina limehifadhiwa, faili bado liko mezani kwao)