Safari ya kuzamia: ya kukamilisha kabla ya Ijumaa

Habari zenu wanakikundi. Kabla hatujalipia ndege, naomba tukubaliane kwanza tarehe ya kurudi. Tukizamia siku kadhaa mfululizo, zinatakiwa zipite angalau saa 18 kati ya mzamio wa mwisho na ndege; mimi nashauri 24. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka polepole, na shinikizo la hewa likipungua ndani ya ndege inaweza kufanya mapovu kwenye damu na viungo. Kwa hiyo siku ya mwisho ni ya nchi kavu, hata bahari iwe shwari namna gani.

Fomu ya afya isomeni sasa, si siku ya kupanda boti. Mwenye pumu au tatizo la moyo atahitaji saini ya daktari, na bila hiyo anaweza kuzuiwa. Bima nayo: nyingi za kawaida za safari hazilipii chumba cha mgandamizo (cha kumtibu mzamiaji aliyepata mapovu hayo), au zina kikomo cha kina.

Wenye regulata zao (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi), semeni inafungwa kwenye mtungi kwa skrubu (DIN) au kwa kubana, tuulize mitungi ya huko. Ikitoka kwa fundi, ijaribuni bwawani kwanza. Suti ya milimita 3 inatosha wengi kwenye maji ya nyuzi 28. Betri za akiba za litiamu zikae mkoba wa mkononi.

Mwenye mafua asizamie, tafadhali. Dawa ya kuzibua pua ikiisha nguvu mkiwa chini, hewa hunaswa sikioni wakati wa kupanda.

Nitumieni picha ya cheti, idadi ya mizamio na tarehe ya mzamio wa mwisho.