Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa vibali: Filamu yetu ya ndege iliyotekwa inangoja jibu lako

Embakasi, Nairobi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: OMBI LA KIBALI CHA KUPIGA FILAMU AMBALO HALIJAJIBIWA

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe pamoja na maafisa wako. Jina lako silitaji hapa, wala la ofisi yako. Unajijua, na faili yetu unaijua. Barua za kawaida nimekuandikia, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, zikaishia hapo. Nikipiga simu naambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Ndiyo maana leo nakuandikia mbele ya watu.

Kilichonifikisha hapa ni mambo ya Jumatano iliyopita. Tulikuwa kwenye godauni tulilokodi kando ya Barabara ya Mombasa, tunapiga tukio letu la kwanza la ndani ya ndege. Ndege yenyewe ni ya plaiwudi: safu chache za viti tulivyonunua kwa wauza vyuma chakavu, vingine bado vina visahani vya majivu ya sigara mikononi, na madirisha ya plastiki yenye taa nyuma yake. Mwigizaji wetu alikuwa ameinua shoka, rubani ameketi, mimi nimeshaita "eksheni", ndipo lango likapigwa kwa nguvu. Polisi waliingia wakaamuru kila mtu alale chini. Jirani alikuwa amewapigia simu kwamba humo ndani watu wanatekwa, na jirani huyo simlaumu hata kidogo, kwa sababu waigizaji wangu wakilia, wanalia kweli. Tulipojieleza tukaulizwa swali moja tu: kibali kiko wapi?

Bwana Mkurugenzi, kibali kiko mezani kwako.

Karani wako ndiye aliyetuambia tuendelee na maandalizi, kwamba kila kitu kimepita na kilichobaki ni sahihi yako. Tukaamini, kwa kuwa yeye ni mtu wa serikali na alikuwa akituangalia usoni. Shoka lile ni la mti. Lilichongwa na fundi wa Kamukunji likapakwa rangi ya fedha. Afisa aliyelichukua alilipima mkononi, akaligonga kwa ukucha, akajua ni mti. Hata hivyo kwenye kitabu cha matukio limeandikwa "shoka moja". Vijana wangu wawili walilala seli usiku ule, mmoja akiwa bado na damu ya rangi shingoni. Kamera si yetu, tumeikodi kwa siku, nayo imezuiliwa kituoni. Mwenyewe haulizi habari za kibali. Anahesabu siku zake.

Sasa nikueleze filamu hii ni ya nini, maana nina shaka kama muswada wetu umewahi kufunguliwa.

Tarehe 23 Novemba 1996, siku ya Jumamosi, ndege ya Ethiopian Airlines, safari nambari 961, iliondoka Addis Ababa mnamo saa tano asubuhi ikija hapa Nairobi. Ilikuwa Boeing 767 yenye watu 175, na baada ya Nairobi ilikuwa iendelee hadi Brazzaville, Lagos na Abidjan. Haikufika. Vijana watatu waliingia kwenye chumba cha marubani, wakachukua shoka na kizima-moto cha humo humo ndani ya ndege, wakadai wana bomu, wakaamuru wapelekwe Australia. Rubani, Kapteni Leul Abate, alikuwa ameshatekwa mara mbili kabla ya siku hiyo. Aliwaeleza kwamba mafuta aliyonayo ni ya kufika Nairobi. Wao walikuwa wamesoma kwenye jarida la ndege kwamba ndege ya aina ile inaweza kuruka saa nyingi, hawakutaka kusikia lingine. Akawazungusha kwa kufuata pwani ya Afrika kuelekea kusini ili asiwe mbali na nchi kavu, walipomshtukia akageuza kuelekea Komoro. Mafuta yakaisha. Injini moja ikazima, kisha ya pili. Alasiri ile aliishusha ndege baharini, karibu na ufuo wa Ngazija wenye hoteli ya watalii, mtekaji akiwa bado anang'ang'ania vyombo vya kuongozea. Walikufa watu 125, wakiwamo watekaji wenyewe. Hamsini wakaokoka, wengi wakivutwa na wavuvi na wageni wa hoteli waliokimbilia majini.

Lile bomu lilikuwa chupa ya pombe.

Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Mohamed Amin, mtoto wa Eastleigh, mpigapicha ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliamsha dunia nzima. Alikuwa amepoteza mkono mmoja Addis Ababa mwaka 1991, mlipuko wa ghala la silaha ulipomkuta kazini, akarudi kazini na mkono wa bandia. Inasimuliwa kwamba ndani ya ndege ile alisimama akabishana na watekaji, akawahimiza abiria wenzake wasikae tu. Alikuwa anarudi nyumbani, Bwana Mkurugenzi. Nyumbani ni hapa. Waulize vijana wa leo wanaoshika kamera mjini Nairobi ni wangapi wanajua alikufa vipi.

Filamu yetu nusu yake iko angani na nusu yake iko chini, kwenye ukumbi wa wanaowasili pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Wazo nililipata kwa mzee mmoja, jirani yetu, aliyekuwa dereva wa teksi siku hiyo. Alisimama na kadibodi yenye jina la mgeni aliyetumwa kumpokea. Ndege ikachelewa. Watu wakaenda kunywa chai wakarudi. Wafanyakazi wakaanza kunong'onezana, hakuna aliyewatazama wenye mabango. Alasiri mama mmoja aliyekuwa karibu naye alianza kutetemeka kabla hajaambiwa lolote. Mzee aliondoka usiku, na kadibodi ile anayo hadi leo, ameiweka juu ya kabati. Alinionyesha. Herufi zimefifia lakini jina linasomeka. Filamu ya kusisimua ya utekaji wa ndege hupigwa ndani ya ndege, na sisi tunataka mtazamaji azuie pumzi mahali pawili kwa wakati mmoja: kule ambako rubani anajua mafuta hayatoshi, na huku ambako mama anatazama ubao wa ndege zinazowasili.

Hili ndilo linaloitwa hatari?

Nasema "linaloitwa" kwa sababu sababu rasmi sijapewa. Ninachokijua nimekiokota kwenye ngazi na veranda. Afisa mmoja alininong'oneza kwamba mada hii inagusa usalama wa taifa. Mwingine akasema itawatisha watalii. Wa tatu akaniambia nifikirie vizuri namna ya "kuisukuma faili", na wewe na mimi sote ni watu wazima. Sina pesa za kusukumia faili, na hata ningekuwa nazo nisingetoa. Mimi nadhani jambo lenyewe ni dogo kuliko hayo yote: pana mtu anaogopa kutia sahihi kwenye karatasi yenye neno "utekaji", asije akaulizwa kesho. Kama nakosea, nisahihishe kwa maandishi.

Kuhusu usalama. Namna vijana wale walivyoingia kwa marubani si siri, vipindi vya televisheni vya nje vimeieleza hatua kwa hatua. Tena haiwezekani tena vile, kwa sababu baada ya Septemba 2001 milango ya vyumba vya marubani iliimarishwa na kufungwa kwa ndani. Kinachoweza kumfaa Mkenya anayepanda ndege leo ni kile kilichoua watu wengi siku ile: walijaza upepo jaketi za kuokolea maisha wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi ziliwainua hadi darini wakashindwa kuifikia milango. Tukio hilo limo kwenye muswada wetu, ukurasa mzima. Yeyote atakayeitazama filamu hii hatarudia kosa hilo maishani mwake. Wahudumu wa ndege hulisema kila safari, na sote huwa tunachezea simu.

Wala sijasahau machungu ya mji huu. Mashambulizi ya kigaidi ya Westgate na Dusit, sote tuko hapa tuliyaona. Ndiyo maana niliandika kwenye ombi langu kwamba nakubali alama yoyote ya umri mtakayoona inafaa. Ya 16 ipo. Ya 18 ipo. Alama hizo ziliwekwa kwa ajili ya filamu kama yangu. Kunyamaza hakumo kwenye orodha hiyo.

Mheshimiwa, niruhusu nikukumbushe la Entebbe, kwa sababu nalo linapita mlangoni kwetu. Ndege ya Air France ilitekwa tarehe 27 Juni 1976 ikapelekwa Uganda, na usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli wakaja kuwatoa mateka. Ndege zao zilijaza mafuta hapa hapa Embakasi zikirudi. Idi Amin alilipiza kisasi kwa Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, wengi wakauawa. Kabla mwaka 1977 haujaisha, wageni walikuwa wameshatoa filamu tatu za kisa hicho, zote zimepigwa mbali na Afrika Mashariki. Ni nani ameigiza mke wa Mkenya aliyeuawa Uganda? Nani amempa hata dakika tano? Wenzetu wakituomba milima na simba zetu tunawapa kwa mikono miwili. Mtoto wa Embakasi akiomba kusimulia kilichopita juu ya paa la nyumba yao, anaambiwa arudi wiki ijayo.

Sheria naifahamu na sijaikwepa. Sura ya 222, ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, inanitaka niombe kibali kabla ya kupiga filamu ya kuonyeshwa hadharani. Niliomba, na muswada nikauambatisha. Lakini Katiba ya 2010 nayo ipo: Kifungu cha 33 kinanipa uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na cha 47 kinakutaka wewe utende kwa haraka na kwa haki, na unaponinyima kitu unipe sababu kwa maandishi. Kwa maandishi, Mheshimiwa. Si kwa kunong'onezwa kwenye ngazi.

Wewe mwenyewe ulisimama mbele yetu, kwenye mkutano wa wasanii wa filamu, ukasema mlango wako uko wazi na hakuna kijana atakayekaa zaidi ya wiki moja bila kujibiwa. Tulisimama tukakupigia makofi. Mimi nilikuwa safu ya mbele na niliyaandika maneno yako kwenye daftari la filamu hii, ukurasa wa kwanza kabisa, kwa sababu maneno yako ndiyo yaliyonipa nguvu ya kuanza.

Kwa nguvu hiyo niliuza ploti yangu ya Joska. Nilikopa kwenye chama, na wenzangu kwenye chama ni akina mama wanaouza nguo Gikomba, waliochanga pesa zao kidogo kidogo wakaniambia nenda ukatufanyie kitu kizuri. Sasa nikikutana nao napunguza mwendo nikitafuta la kuwaambia. Mwenye godauni anataka kodi ya miezi ijayo au tubomoe ndege yetu. Anayeigiza rubani alikataa kazi ya hotelini Mombasa kwa sababu nilimhakikishia kwamba tunaanza. Ana watoto wawili. Juzi mama yake alinipigia simu, hakunitukana, aliniuliza tu, "Mwanangu, hiyo kazi ipo au haipo?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa jibu hilo unalo wewe.

Ukiona filamu hii haifai, sema haifai na useme kwa nini. Nitakwenda mahakamani, au nitaubadilisha muswada, au nitawarudishia akina mama wangu pesa kidogo kidogo hadi niishe nazo. Ukiona inafaa, tia sahihi. Lolote kati ya hayo mawili naweza kuishi nalo. Kukaa bila kujua ndiko kunakotumaliza, mimi na watu wote niliowaingiza humu.

Mambo ya kamera nitayafuatilia mwenyewe kituoni, na mambo ya kodi nitazungumza na mwenye godauni. Hayo sikuombi. Nakuomba karatasi moja yenye sahihi yako: ndiyo, au hapana pamoja na sababu zake.

Jumatatu saa mbili asubuhi, ofisi ikifunguliwa, nitakuwa mapokezi. Tafadhali iache barua kwa karani. Nitatia sahihi ya kuipokea na kuondoka.

Wako mwaminifu,

Mwongozaji na mtayarishaji wa filamu,
Embakasi, Nairobi