Wenye maduka ya vitenge Kigoma, msichome vipande

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wenye maduka ya vitenge na mafundi cherehani wa Mwanga, Ujiji na Kasulu. Vipande vinavyobaki baada ya kukata magauni hufagiliwa jioni na kuchomwa moto. Baridi ya Juni na Julai ikiingia, watu wa milimani Kasulu na Buhigwe wanatafuta vya kujifunika. Vipande hivyo ni mfarishi, yaani blanketi la vipande vilivyounganishwa, ambao kitambaa chake kimeshalipiwa, na mahali pake pa kushonewa ni dukani.

Tunasema dukani, si kwa fundi mmoja mmoja. Fundi aliyeshona sare ya harusi ana mfuko mzima wa rangi moja. Jirani yake ana mabaki ya sare ya kwaya. Kila mmoja akibaki na chake, hakuna mfarishi wa kupendeza. Rangi zilizokoza na zilizofifia zikaribie nusu kwa nusu, la sivyo maua yanamezana na kwa mbali huoni umbo lolote. Mwenye duka aweke magunia mawili, la rangi nzito na la rangi nyepesi, na mizani kando: ulete kilo, uchukue kilo. Mafundi wanaokutana hapo hujuana mikono. Hujulikana nani anakata sawa, nani ana jicho la rangi, nani ana subira ya kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda. Ushirika wa namna hiyo ndio unaozaa kazi nzuri, kwa sababu mfarishi mkubwa hautandazwi na mtu mmoja.

Huko Gee's Bend, Alabama, nchini Marekani, wanawake Weusi walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 1966 katika wilaya yao ya Wilcox kikaanzishwa chama cha ushirika, Freedom Quilting Bee, na mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston. Wao walianza na nguo kuukuu. Sisi tuna kitenge kipya.

Lawama inayosikika sana ni kwamba kazi ya vipande haidumu. Ikishonwa vibaya haidumu kweli, na kosa la kwanza ni kuchanganya pamba na polista. Pamba ikifuliwa hurudi, polista hairudi, na mshono unaoviunganisha hujikunja. Chomoa nyuzi chache uziwashe: pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, polista huyeyuka na kuacha punje ngumu. Kila kimoja kiwe na gunia lake. Kosa la pili ni kukata kabla ya kufua. Fua kwa maji baridi, rangi nzito peke yake, urudie mpaka maji yatoke meupe. Nyekundu isiyotulia itachafua vipande vyote vya jirani, na hapo hakuna dawa.

Kwa kitanda cha futi 4 kwa 6, kata miraba ya inchi 5. Ukishona kwa mshono wa robo inchi, kila mraba unabaki inchi 4 na nusu. Miraba 14 kwa upana na 18 kwa urefu inatoa inchi 63 kwa 81, inayoning'inia vizuri kando na miguuni. Jumla ni miraba 252, sawa na yadi 4 za kitenge cha upana wa inchi 45. Kipimo cha kukatia kisiwe cha boksi, maana mkasi na chaki hukila ukingoni, na mraba wa mwisho unakuwa tofauti na wa kwanza. Tumia bati nene au plastiki ngumu.

Robo inchi ni milimita 6. Bandika plasta kwenye bamba la cherehani, milimita 6 kutoka kwenye sindano, na kitambaa kifuate ukingo wake. Ukishona kwa milimita 8, kila kiungo kinakula milimita 4 zaidi, na viungo 13 vya safu moja vinakunyang'anya zaidi ya sentimita 5. Hapo ndipo safu zinapokataa kukutana, fundi akaanza kuvuta. Usivute. Fumua. Mishono ya safu ya kwanza ilaze kulia kwa pasi, ya pili kushoto. Pembe zitakaa zenyewe. Sindano namba 14 inatosha hapa. Utakapounganisha tabaka tatu, yaani vipande vya juu, blanketi la katikati na kitambaa cha chini, weka namba 16.

Katikati weka blanketi jembamba lililokwisha kufuliwa. Sufi na pamba isiyofumwa hukusanyika pembeni usipopitisha mishono ya karibu, na sponji hunywa maji na kuchelewa kukauka. Chini weka amerikani, kitambaa kilekile ambacho misafara ya karne ya 19 ilikibeba kutoka pwani hadi Ujiji. Nacho kifuliwe kwanza, na kizidi kwa inchi 3 kila upande. Hapa wanahitajika watu wanne, mmoja kila pembe, na wa tano anapiga bandi kuanzia katikati kwenda nje. Akianzia pembeni, upepo unabaki katikati na kitambaa cha chini kinajikunja. Kisha pitisha mshono kila inchi 4, au funga mafundo mawili mawili ya uzi mnene kwa umbali huohuo. Pindo linahitaji mikanda 7 ya upana wa inchi 2 na nusu, yaani nusu yadi.

Kwa vikundi vya wanawake vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ushauri wetu ni huu: msiandike cherehani tu. Cherehani zipo nyingi na nyingine zimekaa bure. Kinachokosekana ni meza ya kukatia ya futi 4 kwa 8, pasi nzuri, mizani, na mwenye duka atakayekubali meza hiyo ikae kwake.

Mafundi wa vitenge,
Ujiji, Kigoma