Kabla hujatia dawa, tazama matamvua

Mzee mmoja wa Kizingo, Mombasa, anayefuga samaki wa baharini kwenye tangi la kioo, alitupigia simu alfajiri, sisi tunaotibu samaki wa tangini. "Kijana wangu, kangaja wangu ameoza ubavu. Nimetia dawa ya shaba tangu jana, na sasa kamba wote wamelala chali." Tulipofika, tulimkuta kangaja anachuna mwani maweni, anapumua taratibu, na ubavuni ana mkato mmoja tu, umenyooka kama wa wembe. Kwenye kona alikuwepo kangaja wa pili, mgeni wa wiki ile. Kila kangaja ana kijisu pale mkia unapoanzia, na hawa wawili walikuwa wamepigania himaya. Kidonda kile kingepona kwa kuwatenganisha na kuweka maji safi. Shaba ndiyo iliyoua kamba, na ilikwisha kunywewa na mawe na mchanga, kwa hiyo itaendelea kutoka kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Simu za namna hii tunazipata mara nyingi, na zinatuuma, kwa sababu anayepiga ni mtu anayewapenda samaki wake na ameharakisha kwa huruma.

Mara nyingi jeraha hukaa mahali pamoja, ilhali ugonjwa husambaa. Jicho moja likivimba, yaelekea samaki amejigonga. Yakivimba yote mawili, tunashuku maji au bakteria. Pezi lililong'atwa huwa na pengo la wazi, na ukilitazama baada ya siku mbili halijaongezeka. Pezi linalooza lina ukingo mweupe, na kila asubuhi ni fupi kuliko jana. Kidonda kikianza kuwa chekundu pembeni au kikaota utando, hapo jeraha limegeuka kuwa ugonjwa, na tupigie siku hiyo hiyo.

Lakini hatuanzi na ngozi. Tunaanza na maji. Samaki wote wakishikwa kwa pamoja, usiku mmoja, kosa karibu kila mara liko ndani ya maji. Stima imepotea, pampu zimesimama, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: utawakuta wote juu, midomo wazi. Au chujio limeoshwa kwa maji ya bomba, klorini ikaua bakteria wazuri wanaosafisha maji, amonia, yaani sumu ya taka za samaki, ikapanda. Kosa jingine hapa Mombasa ni la chumvi. Jua linakausha maji ila chumvi inabaki, na mwenye tangi anajazia kwa maji ya bahari badala ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Maji yaliyoanza na gramu 35 za chumvi kwa lita yanazidi kukolea wiki baada ya wiki, na samaki anadhoofika bila doa lolote mwilini. Kujazia maji yaliyokauka, tumia maji yasiyo na chumvi wala klorini. Na mvua za masika zikipiga, usichote maji karibu na mkono wa bahari kama Tudor au Mtwapa; yamechanganyika na maji ya mto na uchafu wa mjini.

Baada ya maji, matamvua, yaani mashavu anayopumulia samaki. Kaa kitini mbele ya kioo, tulia mpaka samaki wakusahau, halafu hesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Fanya hivyo akiwa mzima, uandike, ili siku akiumwa uwe na cha kulinganisha. Anayepumua kwa upande mmoja tu, au anayesimama kwenye mkondo wa pampu mchana kutwa, ana shida kwenye matamvua hata kama ngozi yake inang'aa.

Ugonjwa unaowadanganya wateja wetu kuliko wote ni madoa meupe. Yanafanana na punje za chumvi, unaweza kuyahesabu. Kila punje ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi. Baada ya siku 3 hadi 7 kinashiba na kudondoka chenyewe. Samaki anaonekana amepona, na mwenye tangi anasifu kitunguu saumu alichochanganya na chakula. Kumbe kimelea kimejifungia kwenye mchanga, kinagawanyika, na baada ya siku chache au wiki kadhaa kinaachia vitoto hata 200 vinavyotafuta samaki. Wimbi la pili ndilo linaloua. Kwa hiyo madoa yakipotea, usifurahi mapema. Samaki wote waende kwenye tangi la matibabu, lisilo na mawe wala mchanga, ambamo shaba inapimwa kila siku kwa sababu kipimo kinachotibu hakiko mbali na kinachoua. Tangi kubwa libaki bila samaki, sisi tunapendelea wiki 10 au 11.

Ugonjwa wa vumbi la dhahabu ni jambo jingine kabisa. Huwezi kulihesabu, linaonekana kama unga samaki akimulikwa tochi kwa ubavu, na huanzia kwenye matamvua. Linaweza kumaliza tangi zima ndani ya siku chache. Ukiona pumzi za haraka na samaki anakimbia mwanga, usisubiri kesho. Samaki klauni waliotoka baharini karibuni wakitoa ute mzito unaobanduka kama ngozi, hiyo nayo ni dharura, na shaba haitasaidia. Kwa upande mwingine, vivimbe kama koliflawa kwenye mapezi ni virusi. Vinatisha kwa macho lakini huondoka vyenyewe samaki akila vizuri, na dawa ya kuviondoa hakuna.

Usiku samaki wengi hupauka rangi, na samaki aitwaye kikande hulala amejibana shimoni, wakati mwingine kiubavu. Usiwashe taa ghafla ukadhani anakufa.

Ukitutumia ujumbe, tutumie video ya dakika moja badala ya picha, taa ya buluu ikiwa imezimwa ili tuone rangi halisi. Tuambie nani mgeni tangini, alikuja lini, na umeshatia nini. Tunakuja na vipimo vya maji, tochi na tangi la matibabu la kuazima. Samaki akifa kabla hatujafika, mtoe mara moja, mtie kwenye mfuko wenye maji kidogo ya tangi, uweke juu ya barafu. Usimtie friza, kwa sababu akishaganda hatuwezi tena kusoma matamvua yake kwa hadubini.