Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa vibali vya chakula: njoo utukague majiko yakiwa yanawaka

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu barua zetu za bahasha ziliingia ofisini kwako na hazikutoka. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake wachemshaji dagaa, Kaskazini Pemba. Cheo chako nakiheshimu, na ninayoyasema hapa ningeyasema hivihivi mbele yako kama ningepewa nafasi ya kuingia.

Wiki iliyopita polo zetu za dagaa zilizuiwa gatini. Mzigo ulikwishapimwa, nauli ya meli imelipwa, na mnunuzi yuko Unguja anatusubiri aunganishe na mzigo wake wa Congo. Afisa akataka cheti cha kuidhinishwa eneo letu la usindikaji. Tukamwonesha risiti ya maombi. Akasema risiti si cheti, na hilo ni kweli. Meli ikaondoka. Usiku mvua ikapiga, turubai halikutosha, na asubuhi nilipofungua polo la juu harufu ya ukungu ilinipokea kabla sijatia mkono. Dagaa aliyekauka sawasawa ukimvunja hukatika kwa sauti. Wale walikuwa wanapinda. Wakaishia kwa wafuga kuku, kwa bei ambayo naona haya kuitaja.

Na dagaa wale hatukuwa tumewalipia. Tuliwachukua kwa nahodha kwa mali kauli, kama ilivyo desturi ya dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki: uza kwanza, lipa baadaye. Nahodha ana mabaharia wake na deni la mafuta ya mashine, hawezi kula maneno yetu. Sasa chombo kikiingia anawapa wengine. Mwenzetu mmoja, mjane, amekopa kwenye kikundi cha hisa ili apunguze sehemu yake ya deni, na mwanawe ameacha kwenda skuli kwa kukosa nauli. Watu waliokuwa wakitusalimia kwa majina siku hizi wanatuita wadaiwa.

Mheshimiwa, sisi hatukatai kukaguliwa. Mpemba hana haja ya kuhadithiwa madhara ya kitoweo kibaya. Novemba 2021 watu saba walikufa hapa kisiwani kwa kula nyama ya kasa, na Machi 2024 Kisiwa Panza kikazika tisa kwa nyama hiyohiyo, wanane kati yao watoto. Anayempa mwenzake kitoweo amebeba roho ya mtu. Ndiyo maana maombi ya kibali tuliyapeleka wenyewe, hatujakamatwa wala kusukumwa na mtu.

Kwenye semina ulisimama mbele yetu ukasema Uchumi wa Buluu hauna maana kama mwanamke wa dikoni haufaidi, na kwamba kila atakayeomba kibali atajibiwa ndani ya mwezi. Niliyaandika maneno yako daftarini, maana ndiyo kazi ya katibu. Mwezi ulipita. Kaskazi ikapita, na kusi ndiyo hii imeshika. Ofisi moja inatwambia inangoja barua ya ofisi ya pili, ya pili inangoja ripoti ya mkaguzi, na mkaguzi anasema hana usafiri.

Alipopata usafiri alikuja mchana, siku za mbalamwezi, wakati vyombo haviendi dagaa na majiko yote yamezimwa. Akatazama ukuta, akaandika hakuna vigae. Akatazama juu, akaandika hakuna dari. Chanja tulizoziinua ili dagaa wasiguse mchanga alizipita. Hakuuliza dagaa wanashuka chomboni saa ngapi na wanaingia kwenye maji ya chumvi saa ngapi, na hilo ndilo swali lenyewe! Samaki wa aina hii akishakufa, akikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani yake kitu kinachoitwa histamini. Kikishajengeka hakiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuanika, na mlaji huvimba uso, hutapika, moyo humwenda mbio. Dawa yake ni kuwahi: barafu chomboni, na sufuria kuwa tayari inatokota ndoo ya kwanza inapofika ufukweni. Kigae hakizuii histamini. Mkaguzi asiyekuwepo alfajiri hawezi kujua kama dagaa wetu ni salama au si salama.

Kila tukiuliza tunajibiwa kuhusu viwango vya Ulaya. Basi nilikaa na mwanangu tukavisoma. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 853 ya mwaka 2004 kweli inataka sehemu nyingi zinazosindika vyakula vitokanavyo na wanyama ziidhinishwe kwanza. Lakini Kanuni namba 625 ya mwaka 2017, kifungu cha 148, inaitaka mamlaka ifike pale mahali palipoombewa. Ikikuta jengo na vifaa vimetimia ila mengine bado, inaweza kutoa idhini ya masharti, kisha irudi kukagua ndani ya miezi mitatu. Yakibaki mapungufu lakini maendeleo yanaonekana, muda unaweza kuongezwa, ila jumla isizidi miezi sita. Yaani huko mwombaji anajua lini atasikia ndiyo na lini atasikia hapana. Kwa nini tuletewe ukali wa Ulaya bila tarehe zake?

Tena kazi yetu ina kiwango chake. Codex, tume ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, wanacho kiwango namba 236 cha mwaka 2003 kinachohusu hasa dagaa mchele waliochemshwa kwa chumvi na kukaushwa. Tupimeni kwa hicho. Kutupima kwa sura ya kiwanda cha minofu ya kugandisha ni kutuonea.

Kinachokwamisha sikijui kwa yakini. Nadhani hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutia saini kwa banda la bati la wanawake wa shamba. Akiidhinisha likazuka jambo, ataulizwa yeye. Akilaza faili, haulizwi na mtu. Wapo wanaosema wenye vyumba vya baridi hawataki tuuze wenyewe. Sina ushahidi, kwa hiyo simtaji mtu.

Ninachokuomba ni kimoja. Giza linalokuja, siku zisizo na mbalamwezi, vyombo vitaenda dagaa na majiko yatawaka. Njoo, au mlete mkaguzi, alfajiri vyombo vinapoingia. Aje na kipimajoto, atazame barafu, apime chumvi, achukue sampuli aipeleke maabara. Choo akikague pia, na maji ya kunawia, na mikono yetu. Akiona kasoro aziandike na atupe muda wa kuzitengeneza, na sisi tupewe idhini ya masharti tuuze huku tunatengeneza. Akiona hatufai kabisa, aandike hatufai, aandike na sababu, atie saini. Karatasi ya kukataliwa nitaipokea na nitajua pa kuanzia. Ukimya siwezi kumwonesha nahodha.

Banda letu sheha analijua, atakuleta. Njoo, Mheshimiwa. Kama ni mafuta ya gari ndiyo yanayokosekana, tamka hadharani, watu wajue kwamba ukaguzi wa chakula chao umesimama kwa ajili ya mafuta. Lakini njoo kabla giza hili halijaisha, maana mnunuzi ametwambia mzigo mwingine ukizuiwa atahamia kwa wengine, na nahodha hana tena cha kutungojea.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kikundi cha wanawake wachemshaji dagaa,
Mkoa wa Kaskazini Pemba